Njia ya Uani kwa Dobi

Mtaani walimwita Dobi, kwa sababu maisha yake ya kazi yalikuwa yakipita kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akipambana na mashuka yasiyoisha. Kiwanja chake yeye na marehemu mumewe walikinunua kwa kujinyima. Hawakuwahi kukizungushia ukuta, watu wakazoea kukatiza uani kwake kwenda kituo cha basi. Mumewe hakuona neno. "Wapite tu," alikuwa akisema, "kwani wanakula udongo?"

Basi mama yake Dobi akazeeka, magoti yakagoma, na ngazi za ghorofa alikoishi kwa mwanawe wa kiume, kaka yake Dobi, zikamshinda. Dobi akaamua kumjengea chumba pale uani. Fundi akaja, akavuta kamba, akachimba msingi. Jioni Dobi anarudi kutoka kazini, kiuno kimekufa ganzi, anakuta kipande cha msingi kimefukiwa na kushindiliwa vizuri kabisa, na watu wanapita juu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitikia. Angefanyaje?

Fundi akachimba tena, wakafukia tena. Ndipo mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao. Dobi akaenda na hati ya kiwanja ndani ya mfuko wa plastiki, lakini hakuna aliyetaka kuiona.

"Dada yangu, ardhi ni yako, nani anabisha?" mwenyekiti akasema kwa upole. "Ila njia ni ya watu."

"Na hiyo njia iko wapi, mwenyekiti? Hewani?"

Watu wakacheka, na Dobi mwenyewe nusura acheke. Ndipo akasimama kinyozi, jirani yake, aliyemlilia mumewe kama ndugu.

"Shemeji, mimi sina maneno mengi. Unamjua binti yangu na magongo yake. Akizungukia kule kwenye mfereji, shule atafika saa ngapi? Na mvua ikinyesha je?"

Dobi akaukunja mfuko wenye hati. Yeye ana mama mwenye magoti mabovu, mwenzake ana mtoto mwenye magongo. Hasira aliyokuja nayo ikamwishia palepale kwenye benchi, ukabaki uchovu mtupu.

"Haya," akasema. "Nitajibana. Mpite pembeni."

Fundi akasogeza kamba huku akinung'unika kwamba anajenga korido, si chumba. Kitanda kiliingia, kiti kikakataa. Mama alipoletwa, asubuhi ya kwanza mtaa mzima ulimwamkia dirishani, huyu akitoka yule anakuja, mpaka chai ikapoa mkononi.

"Mwanangu, hapa ni kwako au ni stendi?"

"Ni kwangu, mama. Kunywa chai."

Mvua zilipoanza, mwenyekiti akapiga hodi.

"Dada, njia yako inateleza. Watu wanalalamika. Huwezi kumwaga kokoto kidogo?"

Kumbe ikiwa na tope, ni yake! Dobi alicheka mpaka akashika ukuta. "Nitamwaga. Ila waambie hao wanaolalamika waje na makoleo Jumamosi."

Jumamosi akaja kinyozi peke yake. Dobi alikuwa ametoka zamu, macho mazito, lakini akafunga kanga kiunoni, akashika koleo lake. Wakasambaza kokoto wao wawili, wakisimama kila mara kuwapisha wapita njia.

"Poleni na kazi," watu wakasema, wakakanyaga, wakaenda zao.

"Tushapoa," Dobi akajibu.