Rasimu Husomwa Uani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri wa jarida la parokia pale Bariadi hakunipa hata kalamu. "Nenda Dutwa ukakae na wazee," alisema. "Ukirudi na maneno yako mengi kuliko ya kwao, tafuta kazi nyingine." Nilinuna njia nzima. Nilijiona mwandishi tayari, kumbe hata kusikiliza sijui.

Huko ndiko nilikojifunza kuandika habari za ukoo. Mzee humuulizi mwaka. Unamuuliza walikuwa wanakula ugali au wamebaki na michembe, vile viazi vikavu, na mgongoni kwa mama alikuwepo mtoto gani. Miaka hujitokeza yenyewe.

Baadaye nilihamishiwa Maswa, chini ya Mhariri Mkuu, mtu wa kukata. Nikimpelekea harusi nzima, ananirudishia bibi harusi peke yake. Lakini ndiye aliyenipa sheria niliyoishi nayo: rasimu, yaani maandishi ya kwanza, isomwe uani mbele ya ukoo kabla ya kuchapwa, na yeyote aweze kumsimamisha msomaji.

Sasa nimestaafu. Nina mpunga wangu kidogo na mbuzi wasumbufu, nami nimeridhika. Vijana huniuliza kwa nini nilihangaika kwenda uani wakati simu zipo. Nawasimulia kazi yangu ya mwisho, kule Lalago.

Mzee Masanja aliniita niandike ukoo wao. Shangazi yake, Nzala, aliletwa pale mdogo mwaka wa njaa. Wazazi wake walimwacha, wakaondoka na mtama waliopewa. "Huyo mwandike mgeni aliyelelewa hapa," Masanja aliniambia. "Si damu yetu." Niliandika kwa shingo upande, nikijua uani kutasemwa.

Siku ya kusoma walijaa. Shangazi mwenyewe alikaa mkekani. Nilipofika kwenye neno "mgeni", aliinua mkono, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Simama hapo, mayu. Masanja, mimi nilipoolewa, ng'ombe zangu zilikwenda wapi?"

Kwetu, ng'ombe wanaotolewa dada akiolewa ndio kaka yake anaoa nao. Masanja alitazama chini.

"Baba alizipeleka ukweni, akamwoa mama."

"Kwa hiyo mgeni ndiye aliyekuletea mama yako?"

Nilimwonea huruma Masanja, lakini moyoni nilifurahi, sifichi. Akanigeukia.

"Kata hapo. Andika: dada yake baba."

Nikakata, nikaandika, nikasoma upya. Shangazi, ambaye hakuwahi kukaa darasani, akasema, "Rudia." Nikarudia.

"Tena."

Masanja akanichukulia karatasi mkononi, akapiga goti pembeni ya mkeka, akamsomea mwenyewe.