Picha za Mpiga Inanga wa Nyamahanga

Nimepiga picha watu wengi wenye majina makubwa, na karibu wote nimewasahau. Mmoja tu ndiye ninayetamani kumkumbuka kama alivyokuwa, na huyo sura yake imenipotea.

Nilizaliwa Biharamulo, nyuma ya duka la baba. Baba alikuja na wafanyabiashara kutoka Pwani enzi za Wajerumani, akaoa, akajenga, akawa anauza kaniki, chumvi na shanga. Mimi sikuipenda kazi ya kupima vitambaa. Nilipokuwa kijana nilipelekwa Bukoba kwa jamaa zetu, na huko nikamkuta Mhindi mmoja mwenye duka la picha. Nilianza kwa kumsafishia vioo vyake, mwisho akanifundisha kazi yenyewe. Siku hizo picha ilishikwa kwanza na kioo kilichopakwa dawa. Ukikiweka ndani ya kamera na kulifungua jicho lake, aliyekaa mbele yako ilimbidi atulie kama jiwe mpaka ulifunge. Akitikisa mkono, mahali pa mkono patatoka ukungu.

Nikarudi Biharamulo na kamera ya mbao yenye miguu mitatu, nikatundika shuka jeusi kwenye ukuta wa uani kwetu, nikaweka kiti kimoja kizuri. Waingereza walikuwa wamekwisha kukaa katika boma walilojenga Wajerumani. Bwana Shauri, mkuu wa boma, alikuja na mkewe na mbwa wao. Walikuja mapadri, makarani, na wafanyabiashara waliotaka kupeleka sura zao kwao Pwani. Mtemi naye alikuja, amevaa kanzu na koti juu yake, na viatu vipya vya ngozi ambavyo nadhani ndivyo vilivyomleta. Nilipomkabidhi picha aliitazama kwa muda.

"Viatu viko wapi?" akauliza.

"Havikuingia, mtukufu. Nilikusogelea ili uso uonekane vizuri."

"Kama viatu havikuingia, na mimi sikuingia. Piga tena."

Nikapiga tena, nikiwa nimerudi nyuma mpaka mgongo unagusa jiko la mama. Uso ukatoka mdogo kama punje ya harage, lakini viatu vilionekana, naye akaondoka ameridhika.

Lakini mtu aliyejulikana kuliko wote hao hakuwa na viatu. Alikuwa mpiga inanga, ile ala ya ubao uliochongwa kama sinia refu na kufungwa nyuzi. Kwao hasa ni Mugoma, upande wa Ngara, ila alikuwa amehamia Nyamahanga, akaoa huko na kulima huko. Siku za gulio alikuja mjini, akakaa chini ukutani karibu na duka letu, akaiweka inanga mapajani na kuanza kupiga huku akiimba kwa sauti ya chini kama mtu anayemsimulia jirani yake jambo. Gulio zima lilinyamaza. Nilikuwa sikijui vizuri Kihangaza, lugha ya kwao, wakati ule, nikawa nawauliza watu amesema nini, wakaniashiria ninyamaze.

Tulizoeana kwa sababu alikuja kulala kwetu kila alipoleta maharage kuuza. Alikuwa Mkatoliki, na mwezi wa Ramadhani hakutia kitu kinywani mbele yetu mpaka tufuturu, ingawa hakuna aliyemwomba. Baba hakupenda muziki nyumbani, lakini mgeni huyo alipokuwa anapiga, niliona baba anasahau kuzungusha tasbihi. Mimi aliniita Mswahili, na kwa ulimi wake ikawa "Mswahiri." Kamera aliiita "kamela."

"Mswahiri, nitie kwenye kamela yako na inanga yangu," aliniambia siku moja.

Nikamkalisha, nikamweleza atulie. Akatulia uso, akatulia mabega, lakini vidole havikutulia. Kioo kilipotoka, alikuwa mzima kabisa isipokuwa mikono, ambayo ilikuwa moshi mtupu juu ya nyuzi. Nikamwambia tutarudia.

"Kwa nini turudie?"

"Mikono haionekani, bwana."

Akacheka sana. "Mikono ikionekana, watu watajuaje kwamba nilikuwa napiga?"

Nilimpiga picha mara nyingi baada ya hapo, na kila mara mikono ikatoka moshi. Hata ile aliyopigwa pamoja na mtemi, siku mtemi alipofanya sherehe na kumwita aimbe, mtemi yuko wazi kwenye kiti chake, na rafiki yangu pembeni, juu ya mkeka, hana mikono. Mtemi aliipenda picha ile. Ilitundikwa barazani kwake, na watu kutoka Murusagamba na kwingine walioenda kwa kesi zao walirudi makwao wakisema wamemwona mpiga inanga ukutani.

Kisha akaacha kuja. Magulio yakapita bila yeye, nikasikia kwamba ana homa. Alipotokea tena alikuwa ameongozana na mkewe, ambaye hakuwa na desturi ya kuja mjini, na mtoto mchanga mgongoni mwa mama. Alikuwa amekonda. Alinisalimu vizuri lakini hakutania, na alipokaa kwenye benchi letu alisinzia huku chai iko mkononi.

"Shemeji, anasinzia mchana kutwa," mkewe aliniambia kwa sauti ndogo. "Usiku hapati usingizi, anatembeatembea. Na hasira anazo, mtu ambaye hakuwahi kunifokea."

Nikamwambia amechoka tu. Ili kumchangamsha nikamwambia twende uani nimpige picha. Alikaa kitini, inanga mapajani, mikono juu ya nyuzi. Nikafungua jicho la kamera, nikafunga. Nilipokisafisha kioo ndani ya chumba changu cha giza nilifurahi, Mungu anisamehe, maana kwa mara ya kwanza vidole vyake vyote vilitoka, kila kucha, kila mshipa. Nikatoka nacho mbio kwenda kuwaonyesha. Mkewe alikitazama kioo juani, kisha akanitazama mimi.

"Huyu si yeye," akasema.

Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amelala pale kitini, macho yakiwa nusu wazi.

Yalikuwa malale. Mapori yote ya upande ule yalikuwa na mbung'o, na mbung'o ndio wanaoleta ugonjwa huo. Nilimsindikiza mwenyewe hospitali. Walimlaza kwa ubavu, wakamtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano ndefu, na yeye, mtu mzima yule, akanishika mkono kama mtoto. Dresa, mganga msaidizi wa pale, alituambia ugonjwa umekwisha kupanda kichwani, na kwamba ipo dawa ya sindano, ila ni kali, na wengine huwaponya malale na kuwaondolea macho. Hakuificha habari hiyo. Mkewe aliuliza, "Na asipochomwa?" Dresa akasema, "Atalala mpaka asiamke." Kwa hiyo akachomwa.

Usingizi wa mchana ulipungua. Akaanza kunitania tena kidogo kitandani pale, nikarudi nyumbani nikamwambia mama kwamba tumempata. Baadaye akaanza kusema kwamba nje kuna moshi. Akasema hivyo asubuhi, akasema hivyo mchana jua likiwaka, na sisi tukijibu kwamba watu wanachoma mashamba. Haukupita muda mrefu akawa haoni mlango ulipo.

Wakati huohuo serikali iliamua kwamba watu wote waliotawanyika karibu na mapori wahame, wakusanywe mahali pamoja palipofyekwa miti, ili mbung'o wasiwafikie. Matarishi walipita wakitangaza. Nyumba zitakazoachwa zitachomwa, mtu asipate pa kurudi. Mkewe alituma mtu kwangu: shemeji aje na kamera kabla hatujahama.

Nilikwenda na mpagazi aliyebeba kamera kichwani. Nilikuta vitu vimekwisha kutolewa nje, vyungu, majembe, mikeka. Migomba ilikuwa imebeba vizuri mwaka ule, mikungu ambayo hakuna ambaye angeingoja iive. Rafiki yangu alikuwa amekaa mbele ya mlango, amevaa kanzu niliyompa Idi moja, ametayarishwa. Mkewe na watoto wakasimama nyuma yake. Nikaweka kamera, nikaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera, nikaona anatazama kando, kwenye migomba.

"Geuka huku, bwana," nikamwambia.

"Huku wapi? Endelea kusema, nitazame unakosema."

Mtu akikwambia useme tu, unagundua huna maneno. Nikaanza kumwambia nani amesimama wapi, mtoto yupi ameshika nini, kwamba mlango uko wazi nyuma yake, kwamba mkungu mmoja unaonekana juu ya bega la mkewe. Akageuka pole pole akiifuata sauti, mpaka uso ukawa mbele yangu sawasawa. Nikanyamaza nikapiga. Kutoka ndani ya kile kitambaa sikutoka haraka, maana nilikuwa nalia.

"Imeingia nyumba?" akaniuliza.

"Imeingia."

"Yote?"

"Yote, hata paa."

Siku iliyofuata matarishi waliichoma. Nilikuwa nimeondoka, sikuona. Mpagazi aliniambia moshi ulionekana mpaka barabarani.

Huko walikohamishiwa mvua ziliwakuta nyumba hazijaezekwa. Rafiki yangu alikufa huko, si kwa malale, kwa kifua tu, kama anavyoweza kufa mtu yeyote. Nilipata habari gulioni, kutoka kwa mtu aliyekuwa akinunua chumvi dukani, ambaye alidhani ninajua. Alikuwa amekwisha kuzikwa. Mjane akachukua watoto akaenda nao Mugoma kwa wazee wa mumewe, nami nikabaki napiga picha makarani.

Niliendelea na kazi hiyo miaka mingine mingi bila moyo. Mtemi yule alifariki na mwingine akakalia kiti. Ukuta wa baraza ukapakwa chokaa, picha za zamani zikaondolewa na hakuna aliyejua zimewekwa wapi. Masika moja paa la stoo yangu lilivuja bila mimi kujua. Nilipofungua masanduku nilikuta dawa ya picha imebanduka kwenye vioo kama ngozi ya mtu aliyeungua. Watu wote wale waliokaa kwenye kiti changu walikuwa utandu ndani ya maji. Vilivyopona vilikuwa vichache vilivyokuwa ndani ya debe la bati, na cha rafiki yangu kilikuwamo kimoja: kile cha siku aliyosinzia.

Ndicho nilichokuwa nacho siku mjane alipokuja na binti yake aliyekaribia kuolewa, yule aliyekuwa mgongoni. Binti alikunja goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mama akasema, "Hamjui baba yake, shemeji. Ile picha ya mbele ya nyumba uliyotupatia iliozea kwenye mvua zile. Tunaomba nyingine."

Nikachapa ile iliyokuwapo, nikampa. Binti aliishika kwa mikono miwili, akaitazama mpaka nikaona haya.

"Kumbe alikuwa mtu mpole hivi, mtulivu," akasema.

Nilifungua mdomo nimweleze. Nikamwambia baba yake hakuwahi kutulia, kwamba picha zake zote za kweli hazikuwa na mikono, kwamba mji mzima ulinyamaza kumsikiliza. Alinisikiliza kwa adabu, huku macho yakirudi kwenye karatasi. Walipoondoka nilijaribu kumwona rafiki yangu akicheka, nikaona mtu aliyelala kitini.

Sikupiga picha tena. Kamera aliichukua mtu wa Mwanza. Mwaka uleule nilikwenda Nyamahanga peke yangu nikitaka kupaona pale nyumba ilipokuwa. Nilifuata njia niliyoikumbuka ikafika mahali ikaisha. Hapakuwa na mgomba hata mmoja. Miti ya pori ilikuwa imejaa, na mbung'o waliniuma shingoni. Nilizunguka mpaka nikakutana na mrina asali akishuka mtini, nikamuuliza kama anapajua mahali palipokuwa na watu hapa karibu.

Akanitazama kama mtu aliyepotea.

"Hapa, mzee? Hapa ni pori tu tangu zamani. Hapajawahi kukaa mtu."

Nikamshukuru, akanionyesha njia ya kurudi barabarani.