Kamati ya Kituo Kisicho na Mtu

Mwaka ule nilipanga nyumba Richfield, Amerika, pamoja na msichana wa Kijapani, mwanafunzi mwenzangu wa uuguzi. Jumapili moja alituonyesha picha ya kituo cha treni cha kijijini kwao: kibanda cha mbao, benchi moja, theluji. Stesheni masta hakuna, karani hakuna. Abiria akishuka anadumbukiza tikiti kwenye kisanduku, anakwenda zake.

Wakenya tuliokuwa mezani tukaacha kula.

"Na mtu asipodumbukiza?" akauliza mmoja wetu.

"Kwa nini asidumbukize?" akajibu yule msichana. Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Ndipo akatuambia kwamba kituo kinataka kufungwa. Hakina abiria tena ila nyanya yake, anayeishi peke yake na kupanda treni mara moja kwa wiki kwenda kliniki. Kikifungwa, nyanya atahamishiwa mjini, kwenye nyumba ya wazee. Sisi sote tulifanya kazi katika nyumba za wazee. Tulijua maana yake.

"Hii kitu inataka committee," akasema kaka mmoja aliyevaa suti hata siku ya kufua nguo.

Kufikia jioni, kituo kisicho na mfanyakazi hata mmoja kilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni huyo wa suti, makamu wake, mlezi, na mweka hazina asiye na hazina. Katibu nilikuwa mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sijui kukataa. Nilikasirika, lakini niliandika. Barua moja kwa shirika la reli, nyingine kwa nyanya: usivunjike moyo, kamati iko nyuma yako, muhimu ni kituo kitumike. Mwenzangu akazitafsiri.

Shirika halikujibu. Nyanya alijibu kwa vitendo. Mama yake mwenzangu alipiga simu akilia: bibi kizee anapanda treni kila siku, theluji iwepo isiwepo, anafika kituo cha pili na kurudi, ili hesabu ya abiria iongezeke. Eti kamati ya Amerika imeagiza.

Mwenzangu hakusema nami siku mbili. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Sisi tulikuwa wengi na tumeliharibu. Niliogopa kweli. Nikaandika barua ya kumsihi nyanya aache, na wote wakatia sahihi bila kutaja vyeo.

Jibu lake tulisomewa jikoni. Haachi. Tangu mumewe afe, alisema, hakuna aliyemuuliza leo amekwenda wapi. Sasa ana kamati nzima.

Mwenyekiti, mtu aliyependa cheo kuliko nyama, akasimama na kufunga vifungo vya koti.

"Mimi na-resign. Hiki kiti ni cha huyu nyanya. Si ni yeye anapanda treni?"

Pendekezo likapita bila kupingwa, nami nikamwandikia nyanya kumjulisha.

Theluji ilipoyeyuka kituo kilifungwa, na nyanya akahamishwa. Lakini hakujiuzulu. Kila mwezi ilikuja barua ya mwenyekiti, na agizo lilikuwa lile lile: kila mjumbe aeleze amekwenda wapi. Nilijibu: kazini. Mwezi uliofuata: kazini. Mara ya tatu niliona aibu, nikapanda basi nisilolijua, nikaenda nalo mpaka mwisho wa njia huko Crystal, ili niwe na la kumwandikia.