Wembe Ulioachwa na Maji

"Huu si wembe, Seth Marples, huu ni kijiko! Umemnyonyoa baba yangu kama kuku wa Krismasi!"

Lavinia Staniforth alisimama mlangoni mwa karakana ya Seth na aproni yake ya karatasi ya kaki, kitambaa chekundu kichwani, uso mweusi kwa vumbi la kiwandani. Ua mzima ulimsikia. Wanawake wa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, wanaosugua vyuma mpaka vikang'aa hawajui kunong'ona, mashine zimewaharibu.

"Chuma kipya hicho, mama," Seth akajibu bila kugeuka. Kazi yake ilikuwa kupitisha nyembe motoni na kuzizamisha kwenye mafuta zipate ugumu. "Hakishiki kutu, na makali pia hakishiki. Ukitaka vyote viwili, kamwombe Mungu."

"Nimekuomba wewe kwa sababu ndiwe uliye karibu."

Si kwamba Lavinia alipenda ugomvi. Sawa, aliupenda, lakini safari hii alikuwa na sababu. Baba yake, Enoch, alisaga nyembe kwenye jiwe mpaka vumbi lake likamjaa kifuani, likamkalisha dirishani akihema. Wembe wake mwenyewe aliusaga mwaka aliooa, akanyolea huo kila siku ya Mungu. Mikono ilipoanza kutetemeka, Lavinia ndiye aliyemnyoa kabla ya kwenda kazini. Asubuhi moja king'ora cha kiwanda kikalia, naye akauweka wembe kando ya ndoo ukiwa umelowa, akakimbia. Alipoukumbuka, kutu ilikwisha kuutafuna ukingo, na wembe wenyewe ulikuwa umelika kwa kunolewa miaka mingi, haukubaki na cha kusaga.

Laiti Enoch angemtukana, Lavinia angepumua. Alichofanya ni kuuviringisha ule wembe ndani ya soksi, akauweka chini ya mto, akaziacha ndevu ziote. Na kwa ndevu hizo hakutaka kutoka nje. Jumatatu ya Pentekoste, watu wote wa kanisa wakienda kuimba bustanini, yeye angebaki dirishani. "Siendi kuimba nikiwa kama Musa," alisema. Daktari naye alikuwa amemwambia Lavinia, pale ngazini, kwamba Pentekoste nyingine mzee hataiona. Ndipo Lavinia akampelekea wembe mpya wa chuma kisichoshika kutu, uliokazwa na Seth, nao ukazing'oa ndevu badala ya kuzikata.

"Baba ameupiga wembe wako kwa ukucha," Lavinia alimwambia Seth. "Haulii kama wembe mzuri. Anasema wewe uliogopa moto."

Hapo Seth akageuka.

"Mimi? Jicho hili alilifundisha marehemu baba! Wembe ukifika wekundu wa tunda la cheri lililoiva, unautoa. Ukipita hapo umeunguza chuma, na aliyeunguza chuma huchekwa mpaka kaburini."

"Cheri ni ya chuma cha babu zako. Hiki ni mgeni. Mgeni unampikia anachokula yeye."

"Na nikikiunguza?"

"Nitawaambia wote ni mimi niliyekulazimisha. Nani asiyeamini?"

Seth akacheka, akashindwa kujizuia. Alifunga dirisha apate giza la kuonea rangi, akaingiza motoni wembe mwingine ambao haujakazwa. Ukafika wekundu wa cheri. Mkono wake ukaruka wenyewe kuutoa, kama mkono wa mama kwa mtoto aliye ukingoni mwa kisima. Lavinia akaushika.

"Ngoja."

Ukapita cheri, ukawa kama chungwa, ukaelekea rangi ya kiini cha yai. "Mama yangu wee," Seth akanong'ona, akauzamisha mafutani kwa mlio mkali.

Wenzake Enoch wa zamani waliusaga ukawa mwembamba, na Lavinia akausugua mwenyewe saa ya chakula, mkate na mafuta ya nyama ukimngoja kwenye karatasi.

Jumatatu ya Pentekoste asubuhi, Enoch aliupiga kwa ukucha kwanza. Ukalia, mlio mwembamba uliokawia hewani.

"Ala! Kumbe Seth mtu."

"Tulia, baba, nisije nikakukata pua. Nitamwambia nini Mungu?"

Wembe ulipita shavuni kimya kimya. Chini ya zile ndevu akatokea baba yake, mdogo kuliko alivyomkumbuka, na kishimo cha kidevu kilekile. Lavinia aliosha wembe akanyoosha mkono kuchukua kitambaa cha kuukaushia.

"Uache," Enoch akasema.

"Una maji, baba."

"Nayaona. Uache hapo kando ya ndoo."

Akapapasa chini ya mto, akatoa ile soksi, akamwekea mkononi. "Na huu kachimbie magugu. Nipe kofia yangu, mwanangu, wataanza kuimba bila sisi."

Waliporudi, Enoch amechoka hana sauti, wembe ulikuwa palepale, umekauka wenyewe, unang'aa.