Wimbo wa Lul na Muhuri wa Ofisi

Shamso hakuwa mtu wa kukaa kitako hata siku za amani, na mwaka ule wa sitini na sita amani haikuwapo Garissa. Kutwa alizunguka uani, anaokota kitu anakiweka, anafunga mlango anaufungua, huku midomo inatembea. Wasiomjua walidhani anavuta tasbihi. Waliomjua walimpisha kimya, maana alikuwa anatunga.

Alikuwa anamtungia Lul, binti ya kaka yake. Kaka mwenyewe, Yarow, alichukuliwa na lori la askari mwezi wa Ramadhani pamoja na wanaume wengine wa mtaa, na hakuna aliyejua amewekwa wapi. Na huyu Lul alikuwa ameposwa na watu wa Habaswein, wenye ngamia na wenye maneno. Walikuwa wanakuja kumchukua msichana ambaye baba yake hayupo mlangoni kuwapokea. Nani basi angewaambia Lul ni wa nani?

Kwetu kazi hiyo ni ya buraanbur, utenzi wa wanawake, unaoimbwa kwa ngoma na makofi siku ya harusi. Shangazi anasimama mbele ya wakwe, anawataja nyanya za bibi harusi mmoja mmoja na mambo waliyoyafanya, mpaka wakwe wajue hawakuokota mtoto njiani. Na utenzi huo sharti bibi harusi awe wa kwanza kuusikia. Ukishaimbiwa mwingine umekwisha. Humpi tena, kama usivyoweza kumpa mgeni chai aliyokwisha kunywa mwenzake.

Miaka minane Shamso na wenzake walikuwa na chumba chao cha mabati karibu na soko. Serikali ya Mzungu iliwajengea, ikawapa na ngoma mbili, na kila mwezi sukari na majani ya chai ya kikundi. Shamso hakushukuru sana. Alisema wao waliimba kabla ya sukari. Lakini ufunguo wa chumba aliuvaa shingoni, na hakumwachia mtu.

Sasa amri zikabadilika. Bwana mpya wa vikundi aliwaita akina mama, akapanda juu ya kreti, karani wake Mursal akitafsiri. Kifungu cha fedha za ngoma kimepunguzwa, alisema, kwa sababu ya vita. Kilichobaki ni cha vikundi vitakavyoimba kwa Kiswahili siku ya Jamhuri. Na wimbo wowote, hata wa harusi, uandikwe kwanza, upigwe muhuri, ndipo ngoma ipigwe. Asiyetaka arudishe ngoma na ufunguo, chumba kihifadhi seng'enge za ua wa kambi.

"Seng'enge zinataka paa?" Shamso akauliza. "Zinaogopa jua?"

Wanawake wakacheka. Mursal hakutafsiri.

"Abaayo Shamso, dada yangu, punguza ulimi," akasema Arbia, aliyekuwa mwitikiaji wake wa siku zote. "Kiswahili ni mdomo tu. Tuwaimbie bendera yao, tunywe chai yetu."

"Wewe Arbia sauti yako ni ya kuitia mbuzi kwa lugha yoyote. Nenda kaimbe!"

Arbia akaenda kweli, na wanawake tisa nyuma yake. Shamso akabaki na wanne na ufunguo.

Harusi ilipokuwa imebaki wiki mbili, akajikokota mpaka ofisini. Mursal alikuwa peke yake na mashine yake ya kuchapia.

"Eeddo," akamwambia, kwa adabu ya kumwita shangazi, "nitajie maneno niandike."

Shamso akamtazama. Yaani kijana huyu mwenye wino vidoleni ausikie wimbo wa Lul kabla ya Lul! Akafikiri kidogo, kisha akamtajia wimbo wa harusi ya Kaaha, ulioimbwa miaka tisa nyuma. Moyoni hakuona kwamba amedanganya. Ameombwa wimbo, ametoa wimbo. Ule ulikwisha kazi yake, ni kiriba kikavu, ofisi ikitaka ikae nacho.

Mursal akajaza kurasa mbili, akapiga muhuri.

"Haya, eeddo. Siku hiyo nitakuja na askari, tufuatilie. Ni huu huu, neno kwa neno."

"Neno kwa neno?"

"Ndiyo amri."

Siku ile Shamso alivuka soko mara tatu bila kununua kitu. Nyanya walio kwenye karatasi walikuwa nyanya za Kaaha! Umsimamishe Lul mbele ya watu wa Habaswein umtajie nyanya za watu? Heri umpeleke uchi.

"Basi muimbie nyumbani polepole, bila ngoma," akasema Sharifo, mmoja wa wale wanne.

"Lul si wa kuibwa. Sinong'oni mimi."

Harusi ikafanywa alasiri, maana saa kumi na mbili kafyu. Chumba kilijaa, na mbele kabisa aliketi Rukiyo, mama wa bwana harusi, kidevu juu. Mlangoni, migongo imegeuzwa kwa sababu buraanbur haitazamwi na wanaume, walisimama Mursal na karatasi yake na askari wa kutoka bara, asiyejua Kisomali.

Shamso akapiga ngoma. Akaanza wimbo wa Lul.

"Ndio huo?" askari akauliza.

Mursal akajifuta jasho kwa karatasi. "Bado hajafika."

Ndani, Shamso alikuwa amefika kwa mama yake Yarow, aliyetembea kutoka Kutulo mwaka wa ukame, mtoto mgongoni na kamba ya ngamia mmoja mkononi, na hakuomba maji kwa mtu. Lul akainua uso.

"Sasa je?"

"Bado."

Nyanya wa pili akatajwa, na wa tatu, makofi yakapanda mpaka mabati yakatetemeka. Kisha ngoma ikakoma.

"Amefika?"

Mursal akaikunja karatasi. "Hakufika."

Askari akaingia, akainyakua ngoma mikononi mwa Shamso. Ndipo Rukiyo akasimama, akapiga makofi yake mwenyewe, akawataja nyanya wale mmoja mmoja, akimpokea mtoto wao. Alipomruka mmoja, wanawake wakampigia kelele, akarudi akamtaja.

Shamso akavua ufunguo shingoni, akautia mkononi mwa askari kabla hajauomba.

"Chukua. Seng'enge zenu zisinyeshewe."

Asubuhi lori likaondoka kwenda Habaswein. Lul alikaa juu ya mizigo, anayarudia majina ya nyanya zake kwa sauti, mpaka vumbi likamfunika.

Siku ya Jamhuri Arbia aliimba, akapigiwa makofi na wakubwa. Shamso hakwenda. Alikuwa uani, anaokota kitu anakiweka, midomo inatembea.

"Unamtungia nani tena?" Sharifo akamuuliza. "Harusi hakuna, ngoma hakuna."

"Yarow akirudi atauliza mtoto wake aliondokaje. Ule wa Lul nilishautoa, huu ni wake. Ondoka hapo mlangoni, unaniziba."