Karatasi Chungu ya Bwana Ndimi

Nianze na aibu yenyewe, mcheke mapema, mkimaliza tuendelee: mie Mwalimu Benedikto, mfundisha sayansi, niliwahi kulazwa chali mbele ya Temeke nzima, kichwa mapajani mwa mama mkwe wangu mtarajiwa, nikinyweshwa maziwa kwa nguvu kama ndama aliyefiwa na mama, ilhali sikuwa nimekula sumu wala nusu ya sumu. Nilikuwa nimetafuna kikaratasi. Basi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, ile miaka ya mwisho mwisho, nami ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, soksi hadi magotini, kaptula ya kaki imepigwa wanga mpaka inasimama yenyewe (mie nikikaa, yenyewe inakataa), nafundisha shule moja ya Temeke, wakati huo mikorosho mingi kuliko nyumba. Moyoni nilikuwa na jambo moja tu, nalo ni Agnesi, binti wa Mzee Kaspari, karani wa bandarini, watu wa Songea kama sie. Mshenga wangu alikwishapeleka posa, majibu bado. Na mnajua wazee wetu, majibu ya posa hayatoki hivi hivi, kwanza ukoo wa kijana unachambuliwa kama mchele: kwao kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wendawazimu? Bibi yake alikufa kwa nini? Mzee Kaspari alikuwa ameagiza watu wakaulize huko huko Songea, nami nikawa nalala kwa taabu, maana kila ukoo una mjomba wake.

Katikati ya kungoja huko ndipo akaja mzungu mmoja, daktari wa utafiti, mrefu, mpole, na kofia yake pana na boksi la vikaratasi. Huyu hakutaka damu wala mkojo, alitaka ndimi. Vikaratasi vyake vilikuwa vimechovywa dawa fulani ya kikemia, ukikiweka ulimini wewe unasikia uchungu wa kukutoa machozi, na ndugu yako tumbo moja akikiweka hasikii chochote. Alitaka kujua jambo hilo linatokaje kwa baba na mama kwenda kwa watoto, kwa hiyo akaomba aletewe familia nzima nzima, mume, mke na watoto. Wanafunzi wakambatiza Bwana Ndimi siku ile ile. Mie nikateuliwa kuwa mkalimani wake kwa sababu ya Kiingereza changu, ambacho nilikuwa nakitembeza mtaani kama saa mpya.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Siku moja kabla ya kazi yenyewe, daktari alitupa vikaratasi sie walimu tujaribu ofisini. Mwalimu Mkuu akaweka chake, akaruka, akatema dirishani, "Mama yangu we!" Wa pili naye akatema. Mie nikaweka changu, nikangoja, nikakihamisha shavu la kulia, nikakirudisha la kushoto, wapi! Kama natafuna kona ya daftari. Na kabla sijafungua mdomo kusema, Mwalimu Mkuu, akiwa anasukutua, akatangaza, "Nasikia asiyesikia uchungu huu damu yake ina kasoro, tena ni ya kurithi."

Kasikia wapi, Mungu ndiye ajuaye, nadhani alijitungia pale pale. Lakini nyie jiwekeni mahali pangu. Damu ina kasoro, kasoro ni ya kurithi, na posa yangu iko kwa Mzee Kaspari! Nikakunja uso. Ni hilo tu nililofanya, jamani, nilikunja uso na kusema "Ah, chungu kweli," na daktari akaitikia kwa kichwa kwa furaha akaniandika miongoni mwa wanaosikia.

Kesho yake Jumamosi, uwanja wa shule umejaa. Waliokuja kupimwa wachache, waliokuja kutazama wanaopimwa ndio wengi, kwa sababu mtaani kulishavuma kwamba huyu mzungu ni mumiani, wale wanaosemwa kunyonya damu za watu wakatengenezea dawa. Daktari akanivuta pembeni akanieleza kazi itakavyokwenda, hatua kwa hatua, nami nikaitikia "Yes sir, yes sir," lakini macho yangu yalikuwa langoni, ambako Mzee Kaspari alikuwa anaingia na koti lake la kazini, nyuma yake mkewe katika khanga mpya doti nzima, na nyuma ya mkewe, Agnesi. Katika maelezo yote yale niliambulia moja tu, kwamba mie nitatangulia kutafuna ili watu waone hakuna madhara.

Nikapanda juu ya benchi. Daktari akanipa kikaratasi. Nikakiweka ulimini, na kama kawaida, kimya, si uchungu si utamu. Nikamwona Agnesi ananitazama. Basi nikaamua kuusikia uchungu kwa ukamilifu. Nikakunja uso, nikakohoa, nikashika koo, nikatoa macho, nikapepesuka kidogo (nilimkumbuka Mwalimu Mkuu, nikamzidishia), na benchi, ambalo mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu zamani, likaona hapa hapa. Nikaenda chini puu!

Bi Mwanaidi, muuza vitumbua wa pale langoni, ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza. "Mwalimu kapewa sumu! Jamani mumiani kaua!"

Uwanja ukalipuka. Watoto wakakimbilia mikoroshoni, wanaume wakakimbilia gari la mzungu kulizuia lisiondoke, sinia la vitumbua likapinduliwa, na muuza maziwa mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli yake akanyang'anywa debe, kwa sababu kila mtu anajua aliyekula sumu dawa yake maziwa. Nikajaribu kusema mie mzima, lakini kila nikifungua mdomo wanamimina maziwa. Mzee Kaspari mwenyewe ndiye aliyenishika taya. Kichwa changu kiliinuliwa kikawekwa kwenye mapaja laini, nikashukuru, kisha nikafumbua macho nikaona ni mapaja ya nani.

Mama Agnesi! Nyie watu wa pwani mnaweza msielewe uzito wake, lakini kwetu mama mkwe hashikwi hata mkono, ukikutana naye njiani unampisha unaingia majanini, na jina lake hulitaji. Mie nimelala mapajani mwake, yeye analia, "Mwanangu, kunywa, usife!" Kwa mshtuko maziwa yote yakageuka njia. Yakaishia kwenye khanga mpya, doti nzima.

Ndipo daktari akafika, jasho linamtoka, kofia imepotea, wanaume wawili wamemshika mikono. Akanitazama, akasema kwa Kiingereza, na mie ndiye mkalimani, mkumbuke. Alisema hivi: "Sielewi. Karatasi niliyompa huyu haina dawa yoyote. Katika upimaji wenyewe kila mtu hupewa kwanza karatasi tupu, ili tuwajue wanaojibu kwa kubahatisha au kwa kuigiza. Nilimweleza haya asubuhi."

Watu wote wakanigeukia. "Mwalimu, anasemaje?"

Nikiwa bado chini, nikafuta maziwa kidevuni, nikatafsiri: "Daktari anasema dawa hii wengine huwapata kwa nguvu kidogo, lakini haina madhara."

"Hakusema hivyo," akasema Mzee Kaspari.

Jamani, nilikuwa nimesahau kwamba mzee yule alikuwa akishinda kutwa nzima akisema na manahodha na wazungu wa bandarini. Akajiweka sawa koti lake, akawageukia watu, akatafsiri neno kwa neno, tena kwa sauti ya kuita makuli: karatasi tupu, wanaoigiza, na kwamba nilielezwa asubuhi. Wanaume wakaiachia mikono ya mzungu. Bi Mwanaidi akavitazama vitumbua vyake mchangani, akanitazama mie, akasema, "Mwalimu, we!" Kama ardhi ingekubali kupasuka ningeingia na kaptula yangu.

"Simama," Mzee Kaspari akaniambia. "Kwa nini umefanya hivi?"

Hapo uongo ulikuwa bado upo mwingi, ningeweza kusema kizunguzungu, ningeweza kusema njaa. Lakini nilikuwa nimechoka, na Agnesi alikuwa ameinamisha kichwa, nikaona haya yake kuliko yangu. Nikasema, "Mzee, jana nilipojaribu sikusikia kitu. Nikaambiwa asiyesikia ana kasoro ya damu ya kurithi. Nikaogopa mtaninyima Agnesi."

Posa ilikuwa siri ya nyumba mbili na mshenga, na sasa ilikuwa ya Temeke yote.

Mzee akamwuliza daktari kwa Kiingereza chake kama ni kasoro kweli. Daktari akacheka, akasema hapana, ni tofauti tu, kama huyu mrefu na yule mfupi. Akatoa karatasi ya pili, ile yenye dawa hasa, nikaiweka ulimini mbele ya macho yote yale. Nikasema kwa sauti, "Sisikii kitu." Mzee Kaspari akanyoosha mkono, akaomba zake, ile tupu na ile yenye dawa, akazitafuna zote mbili taratibu, uso mkavu kabisa. "Na mie sisikii kitu." Mama Agnesi akaweka zake, akatema, akasema, "Salaala! Huu uchungu huusikii, baba? Ndiyo maana shubiri unakunywa kama chai!" Kisha Agnesi akaja mbele, polepole, akajaribu. Akatikisa kichwa. Naye hasikii.

Hapo daktari akawa kama mtoto wa sikukuu. Hakujua Kiswahili, hakujua posa, hakujua lolote lililopita hapo, yeye aliona ndimi tu. Akatuonyesha mie na Agnesi kwa kidole, akasema maneno mengi kwa haraka, kisha akaniangalia nitafsiri. Nikamwangalia Mzee Kaspari.

"Tafsiri," akasema mzee. "Na safari hii utafsiri yote."

Basi nikatafsiri, masikio yananiwaka: "Daktari anasema wawili wasiosikia wakioana, yeye anadhani watoto wao wote hawatasikia. Anasema... anasema kama huyu kijana angemwoa huyu binti, angefurahi sana kuwaona watoto wao."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika Mtoni. Wale wale waliotaka kumuua mzungu wakapanga foleni, familia kwa familia, wanachekana, na mie nikatafsiri hadi jua likaniunguza maziwa shingoni. Mzee Kaspari peke yake hakucheka, akaniambia majibu atayapata mshenga, akaondoka na watu wake.

Yakaja baada ya juma moja. Mbuzi mmoja wa kumtakasa mama mkwe, khanga doti moja, na mbuzi wa pili faini ya uongo. Na neno la mdomo, mshenga akalirudia kama alivyopewa: "Mwambie nilimkataa alipokunja uso, nikamkataa tena alipotafsiri. Nimemkubali aliposema 'sikusikia kitu,' maana pale uongo ulikuwa rahisi zaidi." Nililia, siwafichi, nikalia mbele ya mshenga.

Tangu siku ile niliapa uso wangu hautasema neno ambalo ulimi haujalisikia. Asubuhi ya kwanza ya ndoa Agnesi akanipikia uji, akaniuliza umekolea? Nikamwambia ukweli. Nilikula kwa Bi Mwanaidi siku tatu, na kila kitumbua alinitoza bei ya viwili.