Kusoma Kiholanzi Mchafukoge

Mke wangu alipopata kazi ya uuguzi Uholanzi, aliondoka na binti yetu, nami nikabaki na duka la vyombo Kariakoo hadi nitakapofaulu mtihani wa lugha. Bila kuufaulu nisingeruhusiwa kuwafuata. Nina shahada ya chuo kikuu, na mitihani haikuwahi kunitisha tangu ujana. Huu uliniogofya.

Hofu yangu ilikuwa maneno marefu. Waholanzi huunganisha nomino mbili, tatu, bila kuacha nafasi. Ziektekostenverzekering ni ugonjwa, gharama, kisha bima. Neno kuu hukaa mwisho, ilhali sisi hulitanguliza: bima ya gharama za ugonjwa. Silabi zao nyingi hufungwa kwa konsonanti, na ulimi wangu ulizifungua zote kwa irabu. Katika beroepsopleiding, yaani mafunzo ya kazi, ile s hubaki na sehemu ya kwanza. Mimi niliisukumia ya pili. Basi nikachukua penseli, nikawa nakata kila neno kwa vistari: be/roeps/op/lei/ding. Karatasi zangu zote zikajaa vistari, nami nikatulia kidogo.

Nilikuwa nikisoma kwa sauti nyuma ya kaunta. Jirani yangu, mzee wa Kiarabu auzaye mazulia, akachungulia.

"Mangi, hilo neno au treni ya mizigo?"

"Neno, ami."

"Likianguka hilo, watakufa wangapi?"

Nilicheka naye, kisha nikarudi kwenye vistari vyangu.

Jumapili, nikiwa nyumbani Mchafukoge, mke wangu alipiga simu, akaniomba nimsomee binti yetu ukurasa mmoja. Nikasoma. Mtoto akasema jambo kwa Kiholanzi, wakacheka wote wawili.

"Anauliza mbona baba ana kwikwi," mke wangu alinifasiria. "Kwani unasoma au unapanda ngazi?"

"Nafuata vistari."

"Vistari gani? Mtihani uko kwenye kompyuta, mume wangu. Nani atakuchorea?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Lililoniuma zaidi ni kwamba mtoto hakuniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili.

Siku ya mtihani, neno refu la kwanza lilipotokea, kidole changu kilikwenda chenyewe.

"Usiguse skrini, tafadhali," alisema msimamizi.

Nikashusha mkono. Nikatafuta mkia wa neno, nikarudi nyuma kipande kwa kipande. Ilipofika zamu ya kuzungumza, nilijisikia nikitia irabu kila mahali, na kadiri nilivyojisahihisha ndivyo nilivyozidi kukwama.

Majibu yalikuja: kusoma nimefaulu, kuzungumza nirudie. Nilimweleza mke wangu kwa simu.

"Basi," alisema. "Utarudia."

Nyuma yake mtoto aliuliza, kwa Kiholanzi, baba anakuja lini. Swali nililielewa lote. Nikaomba apewe simu, nikamwuliza kwa Kiswahili amekula nini. Alifikiri muda mrefu kabla ya kulipata neno.

"Wali," akasema.